Ganda Lililogoma Kutoka

Mwamapalala,
Jumapili, 11 Juni 2023

Kwa Mzee Constantine, fundi wa bunduki,
Bariadi mjini.

Shikamoo baba.

Hunifahamu kwa sura. Mimi ni Monika Mboje, mke wa Method, yule askari wa wanyamapori wa kijiji aliyekuletea raifo mwezi wa nne. Mrefu, ana pengo la jino la mbele. Naandika mke kwa sababu lile neno jingine bado halijanikaa mdomoni. Method aliuawa na tembo tarehe 20 Mei, Jumamosi, saa nne asubuhi, katika shamba la mtama la jirani yetu.

Nimeandika barua kwa kuwa nimeambiwa simu haikusaidii, masikio yako yamekwisha kwa miaka ya kujaribisha bunduki. Nami siruhusiwi kutoka hapa nyumbani mpaka arobaini ipite. Barua hii analeta Apolonia, mama muuza dagaa, ambaye huja Bariadi kila Jumatano kuchukua mzigo. Naomba jibu umpe yeye.

Baba, nitakueleza ilivyokuwa kama nilivyoelezwa. Mwandu, mwenzake wa doria, alikuwa nyuma yake hatua kama thelathini, mikononi ana filimbi na debe tu. Tembo walikuwa wanne. Method alipiga risasi mbili juu kuwafukuza, watatu wakaondoka. Jike mmoja akageuka. Method akapiga ya tatu, safari hii akimlenga yeye, ikampata lakini haikumwangusha. Akavuta bolti ili ganda la ile risasi litoke aweke nyingine. Haikuja. Akaipiga kwa kiganja mara mbili. Haikuja. Akasimamisha kitako cha bunduki chini akaikanyaga bolti kwa kisigino cha buti. Mwandu anapiga kelele, "Tupa, kimbia! Tupa!" Hakutupa. Mwandu ananiambia jambo moja ambalo nalala nalo na kuamka nalo: mpaka mwisho mume wangu alikuwa anaitazama bunduki. Hakumtazama tembo kabisa.

Sasa shida iliyonifanya nikuandikie. Shemeji yangu Salvatory, kaka yake Method, amekwenda kwa mganga, amerudi na jibu kwamba bunduki ilifungwa. Huku kwetu wakisema kitu kimefungwa wanamaanisha uchawi. Na mfungaji tayari wamempata. Ni Nyanjige, shangazi yao, dada wa marehemu baba yao. Ni mjane, watoto wake wote wametangulia, na macho yake ni mekundu kwa moshi wa kupikia kwa mavi ya ng'ombe tangu akiwa msichana. Asubuhi ile Method alipita kwake. Shangazi alimfutia bunduki vumbi kwa pindo la khanga, akamwambia, "Nenda urudi, mwanangu." Basi wanasema hapo ndipo alipoifunga.

Unajua mwenyewe mambo ya namna hii huku kwetu yanavyokwisha kwa bibi wa umri ule.

Ukoo unakutana Jumapili ijayo. Salvatory ametamka mbele za watu: "Fundi akiandika kwamba chuma kilikuwa kibovu, mimi nitanyamaza." Ndiyo maana nakuuliza wewe unayeijua bunduki ile. Je, bunduki inaweza kugoma yenyewe bila mkono wa mtu? Niandikie unachokijua, hata kiwe kidogo.

Wabeja, asante sana, baba.

Monika Mboje


Bariadi,
Jumatano, 14 Juni 2023

Binti yangu Monika,

Marahaba. Pole kwa msiba mzito. Marehemu namkumbuka vizuri. Alikuwa mtu wa adabu. Mama Apolonia amesimama mlangoni na basi linamsubiri, kwa hiyo nitaandika kwa kifupi.

Nilikuwa fundi silaha jeshini miaka ishirini na miwili, na hapa Bariadi nina leseni yangu mwaka wa kumi na mbili huu. Raifo ile ililetwa kwa sababu maganda yalikuwa yanatoka kwa shida. Chemba, yaani pale risasi inapolala kabla ya kupigwa, ilikuwa imeliwa na kutu. Risasi ikipigwa, ganda lake la shaba hutanuka likabana kuta za chemba, kisha hulegea. Chemba ikiwa laini, ganda linateleza lenyewe. Kazi yangu ilikuwa kuilainisha na kuing'arisha, na niliifanya kwa mikono yangu mwenyewe. Sikumwachia mtu.

Baada ya ajali polisi waliniletea silaha hiyo niichunguze. Niliifungua yote. Chemba ni laini kama kioo. Ripoti nimewaandikia hivyo, na nakuandikia wewe hivyohivyo: kasoro ya ufundi haipo.

Kwa nini iligoma siku ile, siwezi kusema. Yako mambo yaliyo juu ya ufundi wangu.

Mungu awafariji.

Constantine
Fundi silaha


Mwamapalala,
Jumapili, 25 Juni 2023

Mzee Constantine,

Shikamoo.

Barua yako ilifika. Nilipanga kuisoma mimi mbele ya ukoo na kuishia pale uliposema kasoro haipo, kisha niwaambie kwamba risasi zenyewe huenda zilikuwa za zamani. Salvatory alinyoosha mkono, akaichukua, akaisoma yeye. Alipofika mwisho akarudia. "Yako mambo yaliyo juu ya ufundi wangu." Akairudia mara ya tatu akiwa amesimama, akaikunja, akaitia mfukoni mwa shati. Akasema, "Fundi wa jeshi huyu. Mtu wa vyuma. Na yeye mwenyewe anasema si chuma."

Kikao kikaishia hapo.

Jumanne yake, saa saba mchana, shangazi alikuwa nje anapepeta choroko. Walikuja wanaume sita, nyuso wamefunga vitambaa, ila majirani wanawajua kwa miendo. Nyumba yake ya nyasi iliisha kabla hatujafika na maji. Yeye walimkata kwa panga kwenye mkono wa kushoto juu ya kiwiko, na begani. Alikingia kichwa kwa ungo, ndiyo maana yu hai. Yupo kituo cha afya. Daktari anasema vidole viwili havitakunjika tena.

Sikuandiki kukulaumu, baba. Uliulizwa ukajibu. Lakini kuna mambo hayaniishi kichwani na sina mwingine wa kumuuliza.

La kwanza. Mwandu amenijia kwa siri. Anasema kabla ya siku ile, wakiwa doria, Method alimwambia, "Hii kitu ukipiga mfululizo bado inakaza." Mwandu alimwambia airudishe kwako. Method akasema, "Mzee ameshasema iko tayari, nitamwona baada ya mavuno." Mwandu hakuyasema haya kwenye ukoo kwa kumwogopa Salvatory. Kama chemba ilikuwa kama kioo, ilikuwa inakaza nini?

La pili. Polisi waliichukua bunduki pale shambani ganda likiwa bado ndani. Mimi niliwaona. Mmoja wao alijaribu kulitoa, likamshinda. Wewe umeandika uliifungua yote. Basi ni wewe uliyelitoa? Lilikuwaje? Na liko wapi?

Mimi sijui bunduki. Najua sufuria. Sufuria iliyounguza uji, ukitazama ukoko wake utajua ilipobabuka.

Monika


Bariadi,
Jumatano, 28 Juni 2023

Binti yangu,

Habari za mama yule zimenishika vibaya. Mwambie namwombea. Nimemtuma Mama Apolonia na dawa ya vidonda, ya kopo la bluu. Ni nzuri, tuliitumia jeshini.

Maswali yako nimeyaona. Nipe muda.

Constantine


Mwamapalala,
Jumapili, 2 Julai 2023

Mzee,

Muda hatuna. Barua hii sikumngojea Apolonia, nimempa dereva wa lori la pamba.

Shangazi ametolewa kituo cha afya jana. Hana pa kwenda, nimemleta kwangu. Analala kitanda cha Method. Polisi waliwakamata wawili, wamewaachia, eti mashahidi hawapo. Leo baada ya misa mtoto wa Salvatory amenipa salamu za baba yake: niamue kama mimi ni mke wa marehemu au ni mtu wa mchawi. Nyumba ya shangazi imekwisha kuungua, baba. Wakija tena watakuja kwangu.

Naona unaogopa kitu. Basi nitaanza mimi.

Ile habari ya khanga, ya kuifuta bunduki vumbi, unadhani Salvatory aliipata wapi? Asubuhi ile tulikuwa watatu tu pale uani kwa shangazi: Method, shangazi na mimi. Siku ya nne ya msiba Salvatory aliniuliza, "Nani aliigusa bunduki kabla hajaondoka?" Nikamwambia. Nilijua anauliza kwa nini. Sikuwa mjinga. Nilikuwa nataka mtu wa kumchukia, na tembo alikwisha kurudi porini. Kwa siku nne au tano nami niliamini. Nilimpita shangazi kwenye turubai la msiba, akanipa mkono, nikauacha hewani.

Sijamwambia. Leo asubuhi nimemlisha uji kwa kijiko, na sijamwambia.

Sasa na wewe sema.

Monika


Bariadi,
Jumatano, 5 Julai 2023

Binti yangu Monika,

Uliuliza nani alilitoa ganda na liko wapi. Mimi ndiye niliyelitoa. Limo ndani ya bahasha hii, nimelifunga kwa kitambaa. Lishike kabla hujaendelea kusoma. Lipitishe ukucha kuanzia mdomoni kwenda kitakoni. Karibu na kitako ukucha utanasa. Huo ni mkwaruzo, unazunguka kama pete. Shaba iliingia ndani ya mchoro wa chemba ikaushika, ikagoma kuuachia. Hakuna aliyeifunga bunduki ile ila mimi.

Jicho langu la kulia lina mtoto wa jicho tangu mwaka juzi. Sikumwambia mtu, hata mke wangu Martha, kwa kuogopa kunyang'anywa leseni. Kuing'arisha chemba ni kazi ya msasa. Unauviringisha kwenye kijiti, unatia mafuta, unazungusha taratibu, unaanza na wa kukwaruza unashuka mpaka ule laini kabisa, na kila hatua unafuta alama za ile iliyotangulia. Ule wa kwanza ulikuwa na punje ngumu. Ilichimba mchoro huko ndani na mimi nikaendelea kuzungusha, kwa kuwa sikuuona.

Ningeweza kusema sikuuona na nikaishia hapo. Hata mahakamani pengine wangenielewa. Lakini ipo njia ya kupima ambayo haihitaji macho. Unachukua pamba kidogo, unaiviringisha kwenye kijiti, unaiingiza chemba, unaizungusha, unaitoa. Kukiwa laini inatoka nzima. Kukiwa na mchoro, nyuzi zinanyofoka na kubaki huko. Niliipima siku ile, Method amekaa kwenye benchi langu anakunywa chai. Pamba ilitoka imenyofoka. Nikaweka nyingine. Imenyofoka vilevile.

Kwa hiyo nilijua.

Kuuondoa mchoro ule kulitaka kuanza upya, siku mbili au tatu. Hilo halikuwa tatizo, kazi ni kazi. Tatizo lilikuwa kumgeukia kijana yule na kumwambia, "Mwanangu, nimeikwaruza bunduki yako, macho yangu hayaoni." Kwa miaka thelathini na nne sijawahi kumwambia mtu maneno kama hayo. Akaniuliza, "Iko tayari, baba?" Mimi husoma midomo vizuri mtu akitamka polepole, na yeye alitamka polepole, kwa heshima. Nikasema iko tayari. Tukaenda kupiga risasi tatu za majaribio. Kati ya moja na nyingine nilimpigisha soga makusudi, chemba ipoe. Maganda yakatoka. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili akasema wabeja.

Tarehe 23 Mei polisi waliniletea. Nililisukuma ganda kwa ufito kutokea mdomo wa mtutu. Lilipoanguka kiganjani niliitambua ile pete kama mtu anavyoutambua mwandiko wake. Yule askari alikuwa nje anazungumza kwa simu. Nililitia ganda mfukoni, nikaweka jingine kuukuu mezani. Aliniachia bunduki siku tatu niichunguze.

Siku hizo tatu nilifanya kazi niliyopaswa kuifanya mwezi wa nne. Nilimwomba Martha anishikie tochi, nikamwambia ni kazi ya polisi ya haraka. Sijapata kung'arisha chemba namna ile maishani mwangu. Nilipomaliza, pamba ilitoka nyeupe na nzima, sawa na ilivyoingia. Nikaandika ripoti kwamba kasoro haipo. Na siku hiyo kweli haikuwepo. Nilikuwa nimemaliza kazi ya marehemu, na kwa kuimaliza nikawa nimefuta ushahidi.

Sentensi ile iliyosomwa mara tatu, niliiandika kwa sababu niliona inapendeza. Niliona itanifanya nionekane mnyenyekevu. Sikumfikiria mama yule nilipoiandika.

Nikuambie jambo ambalo hata padri sijamwambia. Mimi ni kiziwi, Martha akitaka kuniita hunigusa bega. Lakini tangu barua yako ya kwanza kuna kitu nakisikia. Kabla yake sikujua kwamba Method aliipiga bolti, wewe ndiye uliyeniambia. Sasa nasikia kiganja juu ya chuma, mara mbili. Halafu kisigino cha buti. Ni mchana, nakula, au niko kanisani watu wamesimama wanaimba nami naona midomo yao tu, na ndani yake nasikia: kiganja, kiganja, buti. Baada ya hapo kimya. Nakaa nikingojea linalofuata na halifuati, kisha vinaanza tena. Juzi Martha alinishika mikono yote miwili mezani. Kumbe nilikuwa naipiga meza.

Wewe ulisema ulichokiona kwa macho yako. Usijilinganishe nami.

Kesho asubuhi naenda polisi na Martha, nitaandikisha maelezo haya yote. Nitawaambia ganda liko kwako, watakuja kulichukua. Kabla hawajaja, mpelekee mtendaji wa kata barua hii na ganda, asome yeye mbele ya watu, aweke mhuri kila ukurasa. Salvatory usimpe aishike.

Constantine


Mwamapalala,
Jumapili, 16 Julai 2023

Mzee Constantine,

Nimesikia kwa Apolonia kwamba ulilala mahabusu siku nne na sasa uko nje kwa dhamana, na vyombo vyako vya kazi wamevichukua. Sijui niseme pole. Bado sijaona pa kuliweka neno hilo.

Nikueleze yaliyotokea, maana yametokea kwa kalamu yako.

Barua na ganda vilinifikia jioni ya Jumatano ileile. Nilikaa nalo mkononi. Ni dogo, nilidhani litakuwa kubwa. Nilipitisha ukucha kama ulivyoniambia, ukanasa. Nikarudia. Nilikuhesabu wewe kuwa mtu mbaya kuliko wote niliowahi kuwasikia, na wakati huohuo nikashukuru kwamba umeandika. Mambo hayo mawili hayajapatana mpaka leo.

Jumamosi mtendaji aliwaita watu ofisini kwake. Wazee walijaa, na wengine walisimama nje madirishani. Alisoma mwanzo mpaka mwisho. Alipofika kwenye pamba, wazee walitazamana. Kila mtu hapa ameshika pamba tangu utotoni, hakuna aliyehitaji kuelezwa namna inavyonasa. Ganda lilizunguka mkono kwa mkono, kila mmoja anapitisha ukucha. Mwandu akasimama, akasema yale aliyokuwa ameniambia kwa siri. Alilia, akasema, "Nilinyamaza, na nyumba ya bibi ikaungua nikiwa nimenyamaza."

Salvatory alilishika ganda muda mrefu kuliko wote. Akasema, "Hata huyu fundi anaweza kuwa alirogwa asione." Wako walioitikia kwa vichwa, sitakudanganya. Mzee mmoja wa upande wa mama yao akamuuliza, "Salvatory, ulisema chuma kikiwa kibovu utanyamaza. Chuma hiki hapa. Unanyamaza?" Akaliweka ganda mezani, akatoka bila kuaga. Jumatatu polisi walikuja kuchukua ganda, na walipoondoka waliondoka na wanaume wanne wa hapa kijijini. Salvatory hakuwemo, lakini ameitwa akaeleze.

Siku mbili baadaye alikuja uani kwangu. Hakubisha hodi. Alitua debe la mahindi kando ya mlango, akasimama kidogo, akaondoka. Shangazi alimwona kupitia dirisha. Debe liko palepale, kuku wanadonoa.

Shangazi mwenyewe nilimsomea barua yako usiku uleule ilipofika. Kiswahili chake si kingi, nikawa namgeuzia Kisukuma kila mstari. Alikuwa ameketi kitandani, mkono umefungwa kifuani. Nilipofika kwenye pete ya ganda akaniambia nirudie. Nikarudia. Akaniambia tena. Mara ya nne akaniuliza, "Kwa hiyo si mimi?"

Nikamwambia, "Mayu, mama yangu, si wewe."

"Una hakika fundi anasema si mimi?"

"Anasema ni yeye."

Akasema, "Nilikuwa nadhani pengine ni mimi. Watu wote wakikuambia jambo, na unajua uliigusa kweli, unaanza kuutazama mkono wako. Walipoukata nilisema moyoni, basi labda ndivyo unavyostahili."

Mzee Constantine, nimekaa na sentensi hiyo siku kumi na moja. Nakupa na wewe ukae nayo.

Hapo nikaona siwezi kwenda hatua nyingine bila kusema langu. Nilipiga magoti nikamwambia ya khanga, kwamba mimi ndiye niliyempelekea Salvatory maneno yale. Hakushtuka. Alisema, "Najua. Pale uani mwingine hakuwepo."

Alijua siku zote, baba. Alikuwa anakula uji kutoka mkononi mwangu na anajua. Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akanijibu, "Ningekwenda kwa nani?"

Baada ya muda akaanza kulia, na nilidhani analilia nyumba, au mkono. Hapana. Alikuwa anamwita Method. Alimwita kwa jina lake la utotoni, ambalo mimi sikuwahi kulisikia. Tangu siku ya mazishi alikuwa hajamlilia. Msibani walimweka mbali, na alipokuwa peke yake aliogopa, maana mtu anayedhaniwa ameua akilia wanasema anaigiza. Ni yeye aliyemlea mume wangu mama yao alipofariki, na alimzika bila chozi. Alilia mpaka asubuhi, nami nikalia naye. Ndipo nikaona kwamba hata mimi nilikuwa sijamlilia. Nilikuwa nimeshughulika na kuuliza nani.

Jumamosi ijayo, tarehe 22, tunakwenda kaburini upya. Katekista amekubali kuongoza sala. Shangazi atakaa mbele, mahali pa mama. Ukoo wote umeambiwa. Atakayekuja atakuja.

Jana nilimuuliza kama nikuandikie nawe uje. Nikamwambia, "Huenda anataka kuomba msamaha."

Akasema, "Aje tu. Kulia tutalia. Hayo mengine yatakuwa na siku yake."

Kwa hiyo nakuandikia. Polisi wakikuruhusu, njoo na Mama Martha. Panda gari la saa mbili, ushukie kwenye ghala la pamba, Mwandu atakuwa pale akusubiri. Sijui nitakutazama vipi. Njoo.

Monika Mboje,
mjane wa Method